Kuishi Kando ya Jeshi Kubwa: Somo la Nchi za Mstari wa Mbele

Tarehe 16 Machi 1984, kwenye kingo za Mto Nkomati mpakani mwa Msumbiji na Afrika Kusini, Rais Samora Machel, akiwa amevaa sare za kijeshi, aliketi meza moja na P.W. Botha, Waziri Mkuu wa serikali ya makaburu. Walitia saini mkataba wa kutoshambuliana na wa ujirani mwema. Msumbiji iliahidi kwamba wapiganaji wa ANC, waliokuwa wakipigana na makaburu, hawataitumia ardhi yake. Afrika Kusini nayo iliahidi kuacha kuwasaidia waasi wa RENAMO, waliokuwa wakilipua madaraja, kuchoma shule na zahanati, na kuua wanavijiji.

Maputo ilitimiza ahadi. Makada wa ANC waliondolewa kwa mamia, ikabaki ofisi ndogo tu ya uwakilishi. Pretoria haikutimiza yake. Agosti 1985 wanajeshi wa Zimbabwe na Msumbiji waliiteka Casa Banana, makao makuu ya RENAMO huko Gorongosa, wakakuta humo madaftari ya kumbukumbu za vita. Yalionyesha kwamba silaha, ushauri na mawasiliano kutoka Afrika Kusini viliendelea hata baada ya wino wa Nkomati kukauka. Serikali ya Botha ilipobanwa ilikiri kwamba mkataba umevunjwa, ila ikadai ni ukiukaji wa kiufundi tu.

Tarehe 22 Desemba 1988 serikali hiyohiyo ya Botha ilitia saini mkataba mwingine jijini New York, pamoja na Angola na Cuba. Huo ulitikisika, lakini haukuvunjika. Majeshi ya Afrika Kusini yaliondoka Namibia, na tarehe 21 Machi 1990 nchi hiyo ikawa huru.

Kwa nini mkataba wa kwanza ukavunjwa na wa pili ukaheshimiwa, ilhali iliyosaini ni serikali ileile? Nchi yoyote inayopakana na jeshi kubwa kuliko lake inapaswa kulijua jibu la swali hilo, na kwa bahati nzuri historia yetu wenyewe inalo.

Ukuta uliobomoka

Hadi mwanzoni mwa mwaka 1974 Pretoria ilikuwa imezungukwa na marafiki. Wareno walitawala Angola na Msumbiji, walowezi wa Ian Smith walishika Rhodesia, na Namibia ilikuwa mikononi mwa makaburu wenyewe. Kisha wanajeshi wa Ureno wakaipindua serikali yao mjini Lisbon tarehe 25 Aprili 1974, na ukuta ukaanza kubomoka. Msumbiji ilijitawala tarehe 25 Juni 1975, Angola tarehe 11 Novemba mwaka huohuo, na Zimbabwe tarehe 18 Aprili 1980. Katika muda usiofika miaka sita, mpaka wa uhuru ulihama kutoka Mto Ruvuma hadi Mto Limpopo.

Botha alikuwa waziri wa ulinzi tangu mwaka 1966. Alipokuwa Waziri Mkuu mwaka 1978 aliingia na fikra za kijeshi: kwamba nchi yake inashambuliwa kila upande kwa maelekezo ya Moscow, na kwa hiyo jeshi, ujasusi, uchumi, reli na diplomasia lazima vifanye kazi kama silaha moja. Nyuma yake alikuwa na jeshi lenye nguvu kuliko lolote kusini mwa Jangwa la Sahara, kampuni ya silaha ya serikali iitwayo Armscor, na mabomu sita ya nyuklia, siri ambayo Rais F.W. de Klerk aliitoboa mwaka 1993.

Nguvu hiyo ilitumika kwa njia tatu. Ya kwanza ilikuwa mashambulizi ya ghafla. Januari 1981 makomandoo walivamia Matola, jirani na Maputo. Desemba 1982 waliua watu 42 mjini Maseru, na 12 kati yao walikuwa raia wa Lesotho waliokuwa wamelala majumbani mwao. Juni 1985 ilikuwa zamu ya Gaborone, ambako mtoto mdogo alikuwa miongoni mwa waliouawa. Tarehe 19 Mei 1986 miji mikuu mitatu, Harare, Lusaka na Gaborone, ilishambuliwa siku moja, wakati wajumbe wa Jumuiya ya Madola wakiongozwa na Olusegun Obasanjo na Malcolm Fraser walikuwa katika eneo hilo wakitafuta suluhu.

Njia ya pili ilikuwa kupigana kwa mikono ya wengine. RENAMO iliundwa na idara ya ujasusi ya Rhodesia, na Zimbabwe ilipopata uhuru kundi hilo likahamishiwa Afrika Kusini. Nchini Angola, Pretoria iliwasaidia waasi wa UNITA wa Jonas Savimbi. Faida ya mbinu hiyo kwa mchokozi ni kwamba anaweza kukana. Dunia inaambiwa hivyo ni vita vya wenyewe kwa wenyewe, huku silaha zikidondoshwa usiku kwa miavuli.

Njia ya tatu haikuhitaji risasi hata moja. Mwaka 1981 Afrika Kusini ilizirudisha kwake injini za treni ilizokuwa imeiazima Zimbabwe, wakati ambapo nchi hiyo changa ilikuwa na mavuno makubwa ya kusafirisha. Januari 1986 iliifungia Lesotho mipaka. Lesotho imezungukwa na Afrika Kusini pande zote, hivyo chakula na mafuta vilianza kuadimika mara moja. Tarehe 20 mwezi huohuo jeshi la Lesotho likampindua Waziri Mkuu Leabua Jonathan.

Ramani ya mashambulizi ni ramani ya reli

Mtu akichukua ramani ya eneo hilo na kuweka alama mahali palipolipuliwa miaka ya 1980, atajikuta amechora reli. Reli ya Benguela, inayotoka bandari ya Lobito kuelekea migodi ya shaba ya Kongo na Zambia, ilikatika tangu mwaka 1975. Reli ya Nacala, iliyokuwa tegemeo la Malawi, ilizimwa na RENAMO. Reli ya Limpopo kati ya Zimbabwe na Maputo nayo ilifungwa. Desemba 1982 matangi ya mafuta ya Beira yaliteketezwa, na Zimbabwe ikaingia katika uhaba mkubwa wa petroli.

Haikuwa bahati mbaya. Mwaka 1980 nchi tisa ziliunda SADCC, chombo cha ushirikiano wa maendeleo kilichokuja kuwa SADC: Angola, Botswana, Lesotho, Malawi, Msumbiji, Swaziland, Tanzania, Zambia na Zimbabwe. Sita kati ya hizo hazina pwani. Nchi isiyo na pwani, ambayo njia yake pekee ya kwenda baharini inapita kwa adui, haina sera ya nje. Kila kura yake katika Umoja wa Mataifa, na kila mkimbizi inayempokea, ina bei kwenye kituo cha forodha. Makaburu walilijua hilo, ndiyo maana walihakikisha shehena za majirani zinapita Durban badala ya Beira au Lobito.

Hapo ndipo thamani ya TAZARA inapoonekana. Walowezi wa Rhodesia walipojitangazia uhuru wao haramu Novemba 1965, Zambia ilikuwa ikitegemea reli ya kusini kwa shaba yake na kwa mafuta yake. Benki ya Dunia ilikataa kugharimia reli ya kwenda Dar es Salaam kwa hoja kwamba haitalipa kibiashara. Bomba la mafuta la TAZAMA, lenye urefu wa kilomita 1,710 kutoka Dar es Salaam hadi Ndola, lilikamilika mwaka 1968. China ilitoa mkopo usio na riba kwa ajili ya reli, na kati ya mwaka 1970 na 1975 mafundi wa Kichina, Kitanzania na Kizambia walitandika kilomita 1,860 za njia kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, wakipita mabonde ya Mlimba na milima ya Makambako. Baadhi ya Wachina waliofia kazini wamezikwa Gongo la Mboto, Dar es Salaam.

Kuna jambo moja la kiufundi ambalo msafiri wa treni hiyo halioni, nalo linaeleza mengi. Reli ya Kati ya zamani ya Tanzania ina upana wa milimita 1,000 kati ya chuma na chuma. TAZARA ilijengwa kwa upana wa milimita 1,067, sawa na reli za Zambia, Zimbabwe na nchi nyingine za kusini. Tanzania ilikubali kuwa na reli mbili zisizoingiliana, ikabidi mizigo ihamishwe kutoka behewa hadi behewa huko Kidatu, ili behewa la Zambia liweze kufika baharini bila kubadilisha magurudumu. Huo ulikuwa uamuzi wa usalama kabla ya kuwa wa uchukuzi, na adui aliuelewa hivyo: Oktoba 1979 makomandoo wa Rhodesia walilipua daraja la TAZARA kwenye Mto Chambeshi nchini Zambia.

Beira ilikuwa na hadithi yake. Kati ya bandari hiyo na mpaka wa Zimbabwe kuna kipande cha takriban kilomita 300 ambamo reli, barabara na bomba la mafuta vinakwenda pamoja. Zimbabwe ilipeleka maelfu ya askari kulinda ukanda huo ndani ya Msumbiji, ikibeba gharama yake yenyewe kwa miaka. Septemba 1986 Machel, Robert Mugabe na Kenneth Kaunda walikwenda Blantyre kumbana Rais Kamuzu Banda, ambaye alikuwa na uhusiano wa kibalozi na makaburu na aliyetuhumiwa kuwaachia RENAMO njia. Mwaka uliofuata askari wa Malawi walikuwa wakisaidia kulinda reli ya Nacala.

Umoja usio na jengo

Nchi za Mstari wa Mbele hazikuwa na katiba, sekretarieti wala makao makuu. Zilikuwa marais kadhaa waliopigiana simu na kukutana pale mambo yalipochacha: Nyerere wa Tanzania aliyekuwa mwenyekiti hadi alipong'atuka mwaka 1985, Kaunda wa Zambia aliyempokea kijiti, Seretse Khama na baadaye Quett Masire wa Botswana, Machel, Agostinho Neto na mrithi wake Eduardo dos Santos, na Mugabe tangu 1980. Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU) ilikuwa na ofisi zake Dar es Salaam, na kuanzia mwaka 1972 ilisimamiwa na Hashim Mbita.

Nguvu yao haikutokana na wingi wa vifaru. Ilitokana na kukubaliana juu ya jambo moja la msingi: nani mchokozi, na nini kinatakiwa kutokea. Azimio la Lusaka la mwaka 1969 lilikuwa limeshaweka msimamo kwamba wako tayari kwa mazungumzo, mradi shabaha iwe uhuru na usawa wa binadamu. Mwaka 1979 Botha alipopendekeza majirani waungane chini ya mwavuli wa kiuchumi wa Pretoria, walikataa wakaunda SADCC, na kila nchi ikapewa kazi yake. Msumbiji ilishika uchukuzi, Angola nishati, Zimbabwe usalama wa chakula, Tanzania viwanda. Hata Lesotho na Swaziland, zilizobanwa zaidi, zilipewa nafasi mezani. Huo ulikuwa uelewa wa mambo: nchi iliyo ndani ya mfuko wa adui haiwezi kudaiwa ujasiri wa nchi iliyo mbali naye.

Lakini kuwasifu bila kuyaona mapungufu yao ni kutowatendea haki waliokufa. RENAMO ilianzishwa na wageni, ila ilipata wafuasi miongoni mwa wakulima waliohamishiwa vijiji vya pamoja kwa nguvu na machifu waliovuliwa madaraka. UNITA ilikuwa na mizizi halisi katika nyanda za kati za Angola. Huko Matabeleland, serikali ya Mugabe iliua maelfu ya raia wake yenyewe. Jirani mwenye nguvu hupenyeza mkono pale penye ufa, na nyufa nyingine zilikuwa kazi ya serikali zenyewe.

Bei yenyewe

Mwaka 1985 SADCC iliieleza OAU kwamba uchokozi wa Afrika Kusini ulikuwa umezigharimu nchi wanachama zaidi ya dola bilioni 10 katika miaka mitano tu. Umoja wa Mataifa baadaye ulikadiria kwamba hasara ya mwaka 1980 hadi 1988 ilifikia dola bilioni 60, na vifo milioni 1.5, wengi wao wakiwa watoto waliokufa kwa njaa na magonjwa baada ya zahanati kuchomwa na mashamba kutelekezwa. Machel mwenyewe alifariki tarehe 19 Oktoba 1986 ndege yake ilipoanguka Mbuzini, ndani ya ardhi ya Afrika Kusini, akirejea kutoka mkutano wa viongozi wenzake nchini Zambia.

Tanzania, iliyokuwa bado inalipa madeni ya vita vya Kagera, ilipeleka askari wa JWTZ Msumbiji, wakalinda mkoa wa Zambezia hadi mwishoni mwa mwaka 1988. Makaburi ya mashujaa ya Naliendele, Mtwara, ni ya Watanzania waliokufa kwa ajili ya uhuru wa jirani. Morogoro nako, serikali ilitoa ardhi huko Mazimbu kwa shule ya ANC iliyopewa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa Pretoria Aprili 1979. Leo majengo hayo ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo.

Nkomati na New York

Sasa swali la mikataba miwili linajibika.

Msumbiji ilikwenda Nkomati peke yake, ikiwa imeishiwa pumzi. Ukame mkali na njaa vilikuwa vimeua watu wengi, hazina ilikuwa tupu, na bandari hazikuwa na mizigo. Viongozi wenzake walimkubalia Machel kwa shingo upande. Mkataba ulisimamiwa na kamati ya usalama ya pande mbili pekee: mlalamikaji na mlalamikiwa. Hakukuwa na jicho la tatu la kuhesabu ndege zilizoingia Gorongosa, wala adhabu kwa atakayevunja neno. Majenerali wa Pretoria walivuna walichotaka, kisha wakaendelea na vita, kwa sababu kuendelea hakukuwagharimu chochote.

Kufikia mwaka 1988 kuendelea kulikuwa na gharama kubwa. Mwishoni mwa mwaka 1987 jeshi la Afrika Kusini lilizuia mashambulizi ya Angola kwenye Mto Lomba, likawafukuza Waangola hadi Cuito Cuanavale, lakini mji huo haukuanguka. Cuba, iliyokuwa ikiisaidia serikali ya Angola, ilileta maelfu ya askari zaidi, ikapeleka kikosi kingine kusini-magharibi hadi karibu na mpaka wa Namibia, kikilindwa na ndege za MiG-23. Vikwazo vya silaha vya Umoja wa Mataifa, vilivyowekwa Novemba 1977 kwa Azimio namba 418, vilikuwa vimeanza kuuma: ndege ya Mirage iliyodunguliwa haikuwa na mbadala. Juni 1988 mabomu ya ndege za Cuba yaliua askari vijana wa Afrika Kusini kwenye bwawa la Calueque, na wazazi wazungu wakazidi kuuliza wanao wanafia nini Angola. Nyumbani, vitongoji vya weusi vilikuwa vikiwaka. Benki za kigeni zilikuwa zimekataa kuongeza muda wa mikopo tangu mwaka 1985, na Bunge la Marekani lilipitisha vikwazo mwaka 1986.

Majenerali wa zamani wa pande zote bado wanabishana nani alishinda Cuito Cuanavale. Kwa hoja hii ubishi huo si wa lazima. Kilichobadilika ni hesabu: kubaki vitani kuligharimu kuliko kuondoka. Mkataba wa New York uliifunga hesabu hiyo kwa ratiba na mashahidi. Wacuba waliondoka Angola kwa awamu katika miezi 27, wakihesabiwa na waangalizi wa Umoja wa Mataifa. Namibia ilipelekewa ujumbe wa kulinda amani na kusimamia uchaguzi. Hata wanyonge walilipa sehemu yao: ANC ilibidi ifunge kambi zake Angola, na wapiganaji wake wakahamia Uganda na Tanzania.

Kipimo hicho kwa leo

Somo hili halijachakaa. Mwishoni mwa Januari 2025 waasi wa M23 waliingia Goma, mashariki mwa Kongo, na Februari wakaingia Bukavu. Ripoti za wataalamu wa Umoja wa Mataifa zinasema askari wa Rwanda wanapigana bega kwa bega na waasi hao. Rwanda inakanusha, ikisema inajilinda dhidi ya FDLR, kundi lenye mizizi miongoni mwa waliofanya mauaji ya kimbari ya mwaka 1994. Tarehe 21 Februari 2025 Baraza la Usalama, kwa kauli moja, lilipitisha Azimio namba 2773 likiitaka Rwanda iache kuisaidia M23 na iondoe majeshi yake, na likaitaka Kongo nayo iache kuisaidia FDLR. Kikosi cha SADC chenye askari wa Afrika Kusini, Tanzania na Malawi kilipoteza watu, na mwezi Machi wakuu wa nchi wakaamua kukiondoa.

Tofauti na enzi za Mstari wa Mbele iko wazi. Wakati ule majirani walikubaliana tatizo ni lipi. Kuhusu Kivu, eneo la Goma na Bukavu, Jumuiya ya Afrika Mashariki (EAC) na SADC hazikuwa na sauti moja hadi zilipokutana pamoja Dar es Salaam tarehe 8 Februari 2025, Goma ikiwa tayari imeanguka. Mkataba wa Kongo na Rwanda uliosainiwa Washington tarehe 27 Juni 2025 unahitaji kupimwa kwa maswali ambayo Nkomati ilishindwa kuyajibu. Nani anahesabu askari wanaovuka mpaka? Je, mhesabu huyo ana ruhusa ya kutangaza alichokiona? Atakayevunja ahadi atapoteza nini, na lini?

Nchi mbili pekee ni wanachama wa jumuiya zote mbili, Kongo na Tanzania, na sehemu kubwa ya mizigo ya Kongo hupita bandari ya Dar es Salaam. Tanzania basi ina nafasi ambayo Washington haina. Inaweza kuzidai EAC na SADC ziunde timu moja ya waangalizi wa mpaka wenye mamlaka ya kuchapisha ripoti zao kila mwezi, na iombe kikao cha pamoja cha wakuu wa nchi kila ripoti inapoonyesha ukiukaji wa upande wowote. Chombo cha namna hiyo kinagharimu kidogo sana kuliko batalioni moja, na watu wa Goma, Bukavu na Uvira wamekisubiri muda mrefu mno.